Wafiwa Wasioketi Mkekani



Katika somo la mwezi huu tutazungumzia huzuni ya msiba. Huenda mmoja wenu akauliza: Je, huzuni nayo ni jambo la ukurasa wa afya? Tunamjibu kuwa ndiyo. Sisi tunaohudumia wagonjwa wa nje huwaona mara kwa mara watu wanaolalamikia kichwa, kifua, tumbo au kukosa usingizi, na vipimo vyao havionyeshi ugonjwa wowote. Ukimkalisha mtu wa namna hiyo na kumwuliza taratibu habari za nyumbani, ndipo hukuambia kuwa amefiwa.

Mjane, yatima na mzazi aliyefiwa na mwana hatutawazungumzia sana leo. Hao wanajulikana. Wanaketi mkekani, majirani wanawajia kuwapa pole, na jumuiya inawapikia. Leo twataka kuwatazama wafiwa wengine ambao hawaketi mkekani. Yupo mzee aliyecheza bao na marehemu kila jioni chini ya mwembe kwa miaka 20. Yupo mama aliyesimama bega kwa bega na marehemu katika kwaya tangu ujana wao. Yupo kijana aliyepokea pasi za marehemu kila Jumamosi uwanjani. Watu hawa hufika mazishini, husimama nyuma, hutoa rambirambi yao, kisha hurudi nyumbani. Ni nani anayewapa pole?

Siku hizi wameongezeka na wengine: marafiki waliokutana kwa njia ya simu au kompyuta kwa sababu ya mchezo au burudani wanayoipenda wote, na pengine hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mmoja wao akifa, waliobaki hulia kila mmoja chumbani mwake, na watu wa nyumbani hushangaa: "Unamlilia nani? Mtu mwenyewe hata humjui!"

Somo letu ni hili: huzuni ya watu hao ni huzuni ya kweli, na yafaa itunzwe kama huzuni nyingine. Tena, familia inayowafungulia mlango watu hao hupata faraja ambayo pengine isingeipata kwa njia nyingine. Ili tuelewane vizuri, tuanze na kisa cha kweli kilichotokea nchini Norwei.

KIJANA WA OSLO NA WENZAKE

Mats Steen alizaliwa mwaka 1989. Mwaka 1993 wazazi wake waliambiwa katika hospitali ya Ullevål, mjini Oslo, kuwa mtoto wao ana ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli uitwao Duchenne. Kadiri alivyokua ndivyo nguvu zilivyompungua. Aliingia katika kiti cha magurudumu akiwa bado mtoto wa shule, na katika miaka yake ya mwisho zilimbakia nguvu kidogo tu za vidole. Kwa vidole hivyo, akisaidiwa na vifaa maalumu, alitumia kompyuta.

Burudani yake ilikuwa mchezo uitwao World of Warcraft, ulioanza mwaka 2004. Katika mchezo huo watu wa nchi mbalimbali huingia kwa wakati mmoja katika nchi ya kubuni, na kila mmoja huwa na mtu wake wa kuigiza, mwenye jina na umbo alilomchagulia. Mats alijiita Ibelin Redmoore, mtu mwenye misuli imara, hodari wa kukimbia na kupeleleza mambo. Katika nchi ile hakuna aliyemwonea huruma, kwa kuwa hakuna aliyekiona kiti chake. Alijiunga na kikundi kiitwacho Starlight chenye watu wapatao 30. Inakadiriwa kuwa katika miaka 10 ya mwisho ya maisha yake alitumia baina ya saa 15,000 na 20,000 katika mchezo.

Wazazi wake walimwona ameketi mbele ya kompyuta mchana na usiku, mapazia yamefungwa. Walimpenda na kumtunza, lakini mioyoni mwao walisikitika kwamba mtoto wao anaishi peke yake, hana rafiki, hana mchumba, wala hakuna mtu wa nje atakayejua kwamba alipata kuwako duniani. Mats alifariki mwezi Novemba mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 25, na wazazi wake wakabaki na huzuni mbili: huzuni ya kumpoteza, na huzuni ya kudhani kwamba maisha yake yalikuwa matupu.

Baba yake, Robert, alikuwa na neno la siri la kufungulia ukurasa wa intaneti ambamo Mats aliandika habari zake. Akaandika humo tangazo la kifo cha mwanawe, na akaacha anwani yake ya barua pepe kwa mtu atakayependa kuandika. Kabla ya muda mrefu barua zilianza kufika, kwanza moja, kisha nyingi, kutoka nchi mbalimbali. Waandishi walikuwa wenzake wa Starlight. Walieleza jinsi Mats alivyowasikiliza usiku walipokuwa na mashaka, na jinsi alivyowachekesha. Mama mmoja alieleza kuwa ushauri wa Mats ulimsaidia kuwa karibu na kijana wake, ambaye alipata shida ya kuchangamana na watu. Binti mmoja wa Uholanzi alieleza kwamba wazazi wake walipomnyang'anya kompyuta, Mats aliwaandikia barua ya kuwaeleza kwa adabu maana ya urafiki wao.

Siku ya maziko, katika kanisa la makaburini mjini Oslo, walikuwepo watu ambao ukoo haukuwafahamu. Walikuwa wametoka Uholanzi, Uingereza, Ufini na Denmaki. Mmoja wao alisimama kando ya jeneza akawaeleza waombolezaji kwamba saa ile ile mishumaa ilikuwa inawaka kwa ajili ya Mats katika chumba cha darasa Uholanzi, katika maktaba Uswidi, na mahali pengine pengi. Wazazi walioamini kwamba mtoto wao hakuwa na rafiki hata mmoja wakasikia orodha ya nchi zinazomlilia.

Kikundi hicho kimeendelea kumkumbuka Mats kwa kukusanyika ndani ya mchezo wao na kukimbia pamoja, kwa kuwa kukimbia ndiko alikokupenda Ibelin. Maneno ambayo wanachama waliandikiana wakati wa mchezo yalikuwa yamehifadhiwa, nayo yalifikia kurasa zipatazo 42,000. Kutokana na maneno hayo, Benjamin Ree wa Norwei alitengeneza filamu ya maisha ya Mats, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2024 katika tamasha la Sundance nchini Marekani na kupata tuzo.

DUCHENNE NI UGONJWA GANI?

Kabla ya kuendelea na habari ya huzuni, tuseme kidogo juu ya ugonjwa huu, kwa maana hata katika vijiji vyetu wapo watoto wanaouugua na watu hudhani wamerogwa.

Ugonjwa huu umepewa jina la Duchenne, daktari Mfaransa aliyeueleza katika miaka ya 1860. Huwapata hasa watoto wa kiume, na hukadiriwa kuwapata mmoja katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Mwili wao hauwezi kutengeneza protini moja inayolinda misuli isiharibike kila inapofanya kazi. Kasoro hiyo imo katika jeni, na mara nyingi hupitia kwa mama ambaye mwenyewe si mgonjwa. Lakini yapata theluthi moja ya watoto hawa hupatwa na kasoro mpya ambayo mama hakuwa nayo. Kwa hiyo si laana, si uchawi, si ugonjwa wa kuambukiza, wala si kosa la mama. Baba asimfukuze mkewe kwa sababu hiyo.

Dalili huonekana aghalabu kati ya miaka 2 na 5. Mtoto huchelewa kutembea, huanguka ovyo, hushindwa kupanda ngazi, hutembea kwa kuyumba kama bata, na vigimbi vyake huwa vinene kupita kawaida. Akitaka kuinuka kutoka sakafuni hujishika magoti, kisha mapaja, kana kwamba anaupanda mwili wake mwenyewe. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali mapema. Wengi huhitaji kiti cha magurudumu wafikapo miaka 12 hivi, na baadaye moyo na misuli ya kupumulia hudhoofika. Dawa ya kuuponya kabisa haijapatikana. Hata hivyo, dawa za jamii ya prednisoloni, zikitolewa na daktari na kufuatiliwa, huchelewesha kudhoofika, na mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo huzuia visikakamae. Mahali penye mashine za kusaidia kupumua, wagonjwa wengi sasa hufikia miaka ya 30 na zaidi.

Tunawaomba wazazi wenye mtoto wa namna hii wasimfiche ndani. Misuli ikidhoofika, hamu ya kuwa na rafiki haidhoofiki pamoja nayo. Mtoto asiyeweza kukimbia anaweza kucheza drafti, kuimba, kuchora, kusoma, au kutunza orodha ya mabao ya timu. Mpeni nafasi ya kuwa mtu wa maana kwa watu wengine.

KWA NINI HUZUNI HII HAIONEKANI?

Mwaka 1989, mwalimu mmoja wa Marekani aitwaye Kenneth Doka alieleza kuwa zipo huzuni ambazo jamii haizipi haki yake. Mfiwa analia, lakini watu hawamtambui kuwa ni mfiwa, kwa kuwa si ndugu, au kwa kuwa uhusiano wake na marehemu haukujulikana. Matokeo yake hapewi likizo kazini, hapewi pole, hapewi nafasi ya kusema. Ndipo anaificha huzuni yake, na huzuni iliyofichwa hukawia kupoa.

Wacheza bao na wanakwaya wenzetu wamo katika kundi hilo. Tukumbuke kuwa watu walioshirikiana mchezo kwa miaka mingi hujuana kwa namna ambayo pengine hata ndugu hawajuani. Mcheza bao anajua mwenzake akikasirika hufanya nini, akishindwa hucheka au hununa, na akiwa na shida nyumbani anachezaje. Mtu akiondoka katikati yao, hawakupoteza mchezaji tu. Wamepoteza saa ya jioni waliyoizoea, utani wao, na mtu aliyekuwa akiwauliza, "Jana mbona hukuja?"

Katika kikundi cha namna hii huwapo pia mtu mmoja anayeheshimiwa kuliko wengine. Pengine hana cheo chochote. Ndiye anayewapokea wageni, anayewafundisha wanaoanza, anayepatanisha wanaogombana. Huyo akifa, kikundi hutikisika kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati. Vikundi vingine huvunjika baada ya msiba wa namna hiyo, si kwa ugomvi, ila kwa sababu kila mmoja anaona uchungu kurudi mahali palipo na kiti kitupu.

MWILI UNAVYOUPOKEA MSIBA

Huzuni si ugonjwa. Hata hivyo mwili huipokea kama mzigo mzito. Katika majuma ya kwanza mfiwa anaweza kukosa usingizi na hamu ya chakula, kubanwa na kifua, kuhisi donge kooni, kuchoka bila kazi, kusahau mambo, na hata kudhani ameisikia sauti ya marehemu. Haya yote ni ya kawaida na hupungua polepole.

Mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa mmoja wa moyo unaoweza kumpata mtu baada ya mshtuko mkubwa kama wa msiba. Sehemu ya moyo hutuna na kushindwa kusukuma damu vizuri, na umbo lake hufanana na chungu ambacho wavuvi wa huko hutumia kutegea pweza. Kwa sababu hiyo waliuita takotsubo, yaani chungu cha pweza. Huwapata zaidi akina mama waliokoma hedhi, na wengi wao hupona kwa majuma machache wakitibiwa. Basi tunaposema "msiba umemvunja moyo", tusidhani ni maneno matupu. Mfiwa yeyote anayepata maumivu makali ya kifua au kukosa pumzi apelekwe hospitali mara moja, asiambiwe kuwa ni majonzi tu.

Tunawakumbusha pia wenye shinikizo la damu, kisukari, kifafa, na wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI: msiba usiwasahaulishe dawa. Ukienda kulala matanga, beba dawa zako na uzimeze kwa saa yake. Kunywa maji, kula hata kidogo, na lala hata saa chache. Usijitibu kwa pombe, wala usimeze vidonge vya usingizi vya mtu mwingine. Pombe humlaza mtu leo na kumwamsha kesho akiwa na huzuni ile ile, tena akiwa dhaifu zaidi.

KAZI NNE ZA MFIWA

Wengi wetu tumefundishwa kuwa huzuni hupita hatua tano, moja baada ya nyingine. Mafundisho hayo yalitokana na kitabu cha Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, ambacho kilihusu hasa wagonjwa wanaokaribia kufa. Katika maisha, huzuni ya mfiwa haiendi kwa mstari ulionyooka. Huenda ikarudi siku ya sikukuu, au mtu anaposikia wimbo fulani. Mtaalamu mwingine wa Marekani, J. William Worden, tangu mwaka 1982 amefundisha kuwa mfiwa ana kazi nne za kufanya. Tumeona zinafaa kwa vikundi pia.

Kwanza, kukubali kuwa ni kweli amekufa. Hii ni ngumu zaidi kwa waliokuwa mbali, maana hawakuona jeneza wala kaburi. Kwao marehemu ni kama mtu aliyezima simu.

Pili, kuyapitia maumivu yenyewe bila kuyakimbia. Anayetaka kulia alie, awe mwanamume au mwanamke. Anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze.

Tatu, kujizoeza kuishi mahali ambapo marehemu hayupo. Nani sasa atafundisha wapya? Nani atatunza funguo za ghala? Maswali haya yanauma, lakini kuyajibu ni sehemu ya kupona.

Nne, kumpa marehemu mahali pa kudumu katika kumbukumbu huku maisha yakiendelea. Kupona si kusahau. Wenzake Mats walipomkumbuka kwa kukimbia, walikuwa wakiifanya kazi hii ya nne.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Hakikisheni habari kabla ya kuitangaza. Mtu mmoja awasiliane na familia. Habari ya uongo ya kifo humwumiza anayeisikia na yule anayezuliwa.

2. Waambieni kwanza walio karibu zaidi na marehemu, kwa sauti, si kwa maandishi. Ni vibaya rafiki wa miaka 20 kuusikia msiba kwa kufungua simu yake sokoni.

3. Msisambaze picha za marehemu akiwa kitandani au katika jeneza. Heshima ya marehemu haikomi anapokata roho.

4. Mchango wa rambirambi uwe na mweka hazina mmoja anayejulikana na familia, na orodha ya waliotoa isomwe. Wapo matapeli wanaotumia jina la marehemu kujipatia fedha.

5. Tafuteni siku yenu wenyewe ya kumkumbuka. Wacheza bao wanaweza kuketi na kuliacha pengo lake wazi mchezo mmoja. Kwaya inaweza kuuimba wimbo alioupenda. Walio mbali wanaweza kuwasha mshumaa saa moja, kila mtu kwake. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi: uchungu unaogawanywa hupungua.

6. Andikeni mnayoyakumbuka na kuyapeleka kwa familia. Msiandike sifa za jumla tu kwamba alikuwa mtu mwema. Andikeni jambo moja alilowatendea. Barua ya namna hiyo husomwa miaka mingi baada ya vyakula vya matanga kusahauliwa.

7. Mwangalieni mwenzenu aliyenyamaza kupita kiasi na aliyeacha kuja. Mfuateni nyumbani. Mwezi wa pili na wa tatu ndio wakati ambao wageni wamekwisha kuondoka na mfiwa amebaki na ukuta.

FAMILIA IFANYE NINI?

Baba yake Mats angaliweza kufunga ukurasa ule bila kuandika neno. Asingalikosea sheria yoyote. Lakini yeye na mkewe wangalibaki na huzuni yao ya pili mpaka mwisho wa maisha yao, na wale waliompenda mtoto wao wangalibaki wakijiuliza amekwenda wapi. Tangazo la mistari michache lilizifungua pande zote mbili.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. La kwanza, angali mtu yu hai, muulizeni: "Likitokea lolote, tumwarifu nani?" Yafaa kila mtu mzima aandike majina hayo katika daftari, pamoja na namna ya kufungua simu yake, na kulitunza mahali ambapo mtu mmoja anayeaminika anapafahamu. La pili, siku ya msiba watafuteni watu wa mchezo wake na burudani yake, na mwapatie dakika chache za kusema. Mara nyingi risala husomwa na wakubwa wa kazi, na yule aliyecheza naye kila jioni haulizwi. La tatu, mgeni asiyejulikana akija kulia, msimhoji kwa ukali. Mpeni kiti na mumwulize, "Mlijuana wapi?" Jibu lake linaweza kuwa zawadi kwenu.

NENO KWA WAZAZI WA VIJANA

Mzazi anaweza kusema: "Je, mnatuambia tuwaache watoto wetu washinde kwenye simu?" Hapana. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, umo ugonjwa wa kutawaliwa na michezo ya kompyuta na simu, yaani kijana anapoacha masomo, usingizi, chakula na watu wake, na hawezi kujizuia ingawa anaona madhara. Tena si kila rafiki wa simuni ni mtu mwema. Mzazi ana wajibu wa kuweka saa za mchezo, na kumfundisha mtoto asitoe picha, fedha wala anwani kwa mtu asiyemjua.

Lakini kuweka mipaka ni jambo moja, na kutojua ni jambo jingine. Mwulize mtoto wako: Unacheza na nani? Anakaa wapi? Mnaongea nini? Nani kati yao anayekusaidia? Keti naye nusu saa akuonyeshe. Na siku akikuambia kwamba rafiki yake wa mchezo amekufa, usimcheke. Mwambie "pole mwanangu", kisha mwulize rafiki huyo alikuwa mtu wa namna gani. Maneno hayo machache ni tiba ya kwanza.

LINI TUTAFUTE MSAADA?

Walio wengi hupona kwa msaada wa ndugu, marafiki na wakati. Nendeni zahanati au hospitali mkiona mfiwa:

– Amepita miezi 6 na zaidi, na uchungu uko vile vile kama wa siku ya kwanza kiasi cha kushindwa kazi, masomo au kulea watoto. Hali hii nayo sasa inatambuliwa katika orodha ile ya Shirika la Afya Duniani.

– Hali wala halali, na anakonda.

– Amezama katika pombe au dawa za kulevya.

– Anajilaumu bila kikomo kwa kifo kile.

– Anasema hana haja ya kuishi, au anagawa vitu vyake kama mtu anayeaga. Huyu asiachwe peke yake hata saa moja. Ondoeni sumu za shambani, kamba na dawa mahali alipo, na mumlete siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpi wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema.

Katika uuguzi tumejifunza kuwa mgonjwa hawezi kutibiwa mpaka aonekane kuwa ni mgonjwa. Ndivyo ilivyo kwa mfiwa. Jumamosi hii ukipita chini ya mwembe ukamwona mzee ameketi mbele ya bao bila mwenzake, usimpungie mkono tu na kupita. Simama umpe pole.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA FAMILIA

1. Katika mtaa wetu, ni nani aliyefiwa na rafiki wa mchezo, kwaya au burudani, na hakuna aliyempa pole?

2. Mmoja wetu akifariki, tunawajua marafiki wake wote? Tutawapata kwa njia gani?

3. Yupo mtoto au kijana mgonjwa anayefichwa ndani karibu nasi? Tunaweza kumshirikisha katika jambo gani?

4. Kikundi chetu kinawakumbukaje wenzetu waliotangulia?